Huruma ya Taifa

Sogeeni karibu, na mwenye kazi mkononi aiweke chini kidogo. Ipo nchi moja ambayo haina jina, kwa sababu kamati iliyoundwa kuipa jina bado iko ziarani, ikijifunza jinsi nchi nyingine zilivyopata majina yao. Jambo hilo haliwasumbui raia wake. Wana bendera, wana wimbo wa taifa, na wana kiongozi. Kiongozi huyo ni mkuu, na anaitwa Mheshimiwa Mno.

Ukuu wake haukuja kwa kubahatisha. Katiba ya nchi hiyo inasema wazi kwamba kiongozi mkuu sharti awe na ushujaa, unyenyekevu, usikivu na huruma. Siku ya kuapishwa Mheshimiwa Mno aliisoma sehemu hiyo, akakuna kidevu, akasema, "Hizi kazi ni nyingi mno kwa mtu mmoja." Wataalamu wakakubaliana naye papo hapo. Walisema mkuu wa nchi hajiendeshei gari wala hajipikii chai, kwa nini basi ahangaike kuwa mnyenyekevu yeye mwenyewe? Ikaundwa Wizara ya Sifa za Uongozi, na kila sifa ikapewa mtumishi wa kuibeba kwa niaba yake.

Ushujaa alipewa Kapteni Mashauri, ambaye kila sikukuu ya taifa alisimama uwanjani mbele ya simba. Simba mwenyewe alikuwa mzee, na haukupita muda akafa. Tangu hapo Kapteni husimama mbele ya picha ya simba, na daktari huwekwa karibu, maana upepo ukiitikisa ile picha Kapteni huzirai. Unyenyekevu alipewa Mzee Ndonde, mtu wa kutembea ameinamisha kichwa. Wananchi walipenda sana kumtazama, kwa hiyo akapewa msafara wa pikipiki na ving'ora, na asiyesimama kando wakati unyenyekevu unapita alirudi nyumbani na alama za virungu. Usikivu alipewa Bwana Kivyiro. Huyu hukaa ofisini tangu asubuhi akisikiliza malalamiko ya watu, na husikiliza vizuri sana. Sheria iliyomwajiri haikusema amweleze mtu yeyote alichokisikia, na Bwana Kivyiro ni mtu wa kufuata sheria.

Na huruma alipewa Bi Sikudhani.

Wizara ilimpata msibani. Alikuwa mjane wa makamo aliyekuwa akipita njia, akaona jeneza la mtu asiyemjua, akasimama akalia kama aliyefiwa na ndugu. Ofisa mmoja akamgusa bega.

"Mama, machozi hayo ni yako mwenyewe?"

"Ni ya Mungu, mwanangu."

"Basi kuanzia leo ni ya Serikali."

Akapewa kitambaa chenye nembo ya taifa cha kufutia macho, na kiti chake maalumu mahakamani. Na ili sifa ya kiongozi isichakachuliwe, ikapigwa marufuku raia mwingine yeyote kumlilia mtu hadharani bila kibali.

*

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katiba inakataza hukumu isiyo na huruma, maana huo ungekuwa ukatili, na kiongozi mkuu si mkatili. Kwa hiyo Jaji akishatamka adhabu, Bi Sikudhani huinuka na kumlilia mshitakiwa kwa niaba ya Mheshimiwa Mno. Karani akiyaona machozi hupiga kengele. Kengele ikilia, gari huwashwa nje, na mshitakiwa hupelekwa Kisiwa cha Tafakuri. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko, jambo ambalo Serikali ilieleza kuwa ni dalili kwamba tafakuri ni tamu.

Wananchi hawakujua habari ya kengele. Wao waliamini kwamba machozi ya Bi Sikudhani hupunguza kifungo, na kina mama walikuwa wakimshika mikono mlangoni. "Mlilie na wa kwangu, Bi. Mlilie sana." Naye aliwalilia wote, tena kwa moyo. Kabla ya kwenda kazini alitandika mkeka akasali, akamwomba Mola ampe machozi ya kweli, asije akala riziki ya uongo. Mola alimpa.

Hakuwahi kujiuliza ile kengele ni ya nini. Mahakamani kuna kengele nyingi.

*

Bi Sikudhani alikuwa na mdogo wake, Chande, ambaye alimlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki. Chande alikuwa kinyozi. Siku moja, akiwa amemfunga mteja shuka shingoni, alisema hivi mbele ya watu:

"Hebu nisaidieni jamani. Ushujaa uko kwa Kapteni. Unyenyekevu uko kwa Mzee Ndonde. Usikivu kwa Bwana Kivyiro, na huruma kwa dada yangu. Sasa ukishatoa hivyo vyote, Mheshimiwa mwenyewe amebaki na nini?"

Mteja akaondoka na nusu ya ndevu. Kabla ya adhuhuri Chande alikuwa ndani.

Kosa lake liliandikwa kuwa ni kufanya hesabu ya kutoa mbele ya watu. Kwa sababu za usalama, shule zote nchini ziliagizwa kufundisha kujumlisha peke yake mpaka kesi iishe. Wanafunzi hawakulalamika.

Ingawa swali lilikuwa la uhalifu, jibu lake si siri. Hasira haikutajwa kwenye Katiba, kwa hiyo haikupewa mtumishi. Hiyo Mheshimiwa Mno alibaki nayo mwenyewe, na aliitunza vizuri.

Asubuhi ya hukumu, Waziri wa Sifa za Uongozi, Profesa Matinde, alikwenda ofisini kwa Bi Sikudhani kumpa pole. Alikuwa mtu mwenye adabu.

"Bi Sikudhani, tunajua ni mdogo wako. Wizara inaliona hilo kama bahati."

"Bahati gani, Profesa?"

"Utalia kwa ubora wa hali ya juu. Redio ya taifa itakuwa hewani. Lakini nakuomba, usicheleweshe. Dereva ana safari nyingine mchana."

"Dereva wa nini?"

"Wa gari la kisiwani. Wewe si ndiye unayemruhusu? Ukilia, kengele inalia. Kengele ikilia, gari linaondoka."

Bi Sikudhani alikuwa ameshika kile kitambaa, akakiweka mezani taratibu.

"Na nisipolia?"

Profesa Matinde alicheka mpaka akashika kiti. "Usipolia! Mama yangu! Huruma isipolia?" Akafuta macho haraka, maana hata kicheko kikizidi hutoa machozi, na yeye hakuwa na kibali. "Haijawahi kutokea. Sheria haina hata kifungu cha jambo hilo. Bila machozi hukumu haitekelezeki. Lakini wewe ni mtaalamu wetu, tunakuamini."

Alipotoka, Bi Sikudhani alifunga mlango, akatandika mkeka wake wakati ambao haukuwa wa sala. Kina mama waliomshika mikono mlangoni walimpita machoni mmoja mmoja, na wengi hakuwakumbuka majina.

"Mola wangu," alisema mwishowe, "siku zote nimekuomba machozi, na hukuninyima. Sikujua nilichokuwa nikikuomba. Leo nakuomba unikaushe. Nifanye kavu kama jiwe la kusagia, mpaka huyu mtoto atoke. Amina."

*

Ukumbi ulijaa. Jaji Mpangile alisoma kwamba mshitakiwa Chande, kwa kosa la kutoa, atapelekwa Kisiwa cha Tafakuri mpaka atakapojua kujumlisha. Kisha akafunga faili na kugeuka kwa heshima.

"Huruma ya Taifa, karibu."

Bi Sikudhani aliinuka. Karani akashika kamba ya kengele. Mtangazaji wa redio akanong'ona kwenye kipaza sauti kwamba sasa, wananchi, huruma inasimama.

Ikasimama. Ikaendelea kusimama.

"Bi Sikudhani," alisema Jaji, "tunakusubiri."

"Nawaona, Mheshimiwa Jaji."

"Mbona hulii?"

"Hayaji."

"Hayaji kutoka wapi?"

"Huko yanakotoka siku zote. Leo pamefungwa."

Jaji alimtazama Profesa Matinde. Profesa Matinde alitazama dari. Na hapo Chande, aliyekuwa kizimbani na pingu mikononi, ambaye kama raia wengine hakujua habari ya kengele, akaegemea mbele.

"Dada! Nililie basi! Nililie hata kidogo wanipunguzie!"

Bi Sikudhani alimtazama. Alitamani kumwambia, lakini mbele ya Jaji, karani na redio angemwambia nini? Akisema anamwokoa, watajua hakaukiwi bali anakataa, na anayekataa huondolewa kitini akaletwa mwingine anayelia. Akakaza midomo.

"Dada, hata ng'ombe wetu alipokufa ulilia! Mimi ndugu yako!"

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Madaraka hayo. Yanawakausha watu roho." Mwingine akajibu, "Tena kwa ndugu wa damu. Ptuu!"

Bi Sikudhani alikuwa akisoma dua moyoni, neno kwa neno, kama mtu anayevuka ubao juu ya maji. Macho yake yalibaki makavu. Jaji Mpangile aliahirisha kesi mpaka huruma ipatikane.

*

Serikali haikukaa bure. Daktari wa taifa alimpima Bi Sikudhani macho, akaandika kwamba mitambo yote ni mizima ila haina ari. Likaundwa jopo. Jopo likapendekeza aletwe mwimbaji wa nyimbo za huzuni. Mwimbaji aliimba habari za mtoto yatima njiani, akafika ubeti wa pili akalia yeye mwenyewe, na askari wakamkamata kwa kumiliki sifa ya taifa bila kibali. Jopo likapendekeza asomewe orodha ya misiba yote ya ukoo wake. Akaisikiliza, akasahihisha mahali walipokosea jina la shangazi.

Ndipo Profesa Matinde akafanya jambo ambalo, kwa adabu yake, aliliombea radhi kwanza. Alileta kanga ya marehemu mama yake Bi Sikudhani, iliyochukuliwa nyumbani kwa Chande siku ya kupekua, akaitandaza mezani.

Kanga ilikuwa bado na harufu ya udi. Bi Sikudhani aliona pindo lililochanika siku Chande alipozaliwa. Alifumba macho. Profesa akainama kuangalia kama kope zimelowa.

"Unaona nini, Profesa?" aliuliza Bi Sikudhani bila kufumbua.

"Naona... bado ni pakavu, mama."

"Basi ikunje vizuri. Hiyo haikunjwi hivyo."

Profesa akaikunja. Alikosea mara kadhaa, na kila mara alielekezwa.

Kila kikao kilichofuata kilikuwa vilevile. Jaji alikaribisha huruma, huruma ilisimama, Chande aliita. Mwanzoni aliita kwa kubembeleza, kisha kwa hasira. Siku moja hakuita tena. Alimtazama dada yake jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba, kisha akageuza uso. Siku hiyo, akirudi ofisini, Bi Sikudhani alisali rakaa baada ya rakaa na hakuweza kuomba kitu chochote.

*

Habari zikamfikia Mheshimiwa Mno, naye akaitumia ile sifa aliyobaki nayo. Alivunja gilasi ya maji na sahani ya maembe. Akaamuru hukumu itekelezwe kesho yake, na akasema atakuja mwenyewe kuona.

Profesa Matinde akakimbilia njia ya mwisho, ambayo ilikuwa vitunguu. Magunia yaliletwa mahakamani alfajiri. Askari walivikatakata kwenye mabeseni, mabeseni yakapangwa kukizunguka kiti cha Bi Sikudhani, na madirisha yote yakafungwa, kwa maelezo kwamba mvuke wa kitunguu cha Serikali ni mali ya Serikali na haupaswi kupotea nje.

Bi Sikudhani aliingia, akaona, akakaa. Katika shughuli zote hizi hakuna aliyemuuliza alikuwa akifanya nini kabla ya kuajiriwa. Alikuwa mpishi wa pilau za harusi. Vitunguu na yeye walikwisha kumalizana zamani.

Jaji Mpangile alianza kusoma hukumu kwa sauti nzito, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyozidi kuwa nzito, mpaka kamasi zikamtoka. Karani alikuwa akilia hata asiione kamba ya kengele. Askari walikuwa wakilia, na kila mmoja alikuwa akimwandikia mwenzake kosa la kulia bila kibali. Mwanamke wa nyuma, yule wa ptuu, alikuwa akilia. Chande kizimbani alikuwa na macho mekundu. Ukumbi mzima uliomboleza, isipokuwa Huruma ya Taifa, aliyekaa katikati ya mabeseni na mikono mapajani.

Mlango ukafunguliwa. Watu wote wakasimama. Mheshimiwa Mno akaingia na hasira yake.

Alikuwa mtu mnene mwenye medali nyingi, na katika maisha yake yote hakuwahi kuingia jikoni. Alipita katikati ya ukumbi bila kumtazama mtu, akavuta kiti mpaka mbele ya Bi Sikudhani, ndani kabisa ya mduara wa mabeseni, akaketi, akaleta uso wake karibu na wake. Mtangazaji akasogeza kipaza sauti.

"Wewe mama. Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, Mheshimiwa Mno."

"Hiyo huruma unayoishikilia unajua ni ya nani? Ni yangu! Umeazimwa tu. Nimewaazima watu sifa zangu zote, nikabaki mtupu kwa ajili ya taifa hili, na wewe unanifanyia uchoyo na mali yangu mwenyewe? Itoe! Itoe sasa hivi!"

Bi Sikudhani aliinamisha kichwa. Hakuwa na ushujaa, kwa kuwa ushujaa ulikuwa kwa Kapteni. Alikuwa amechoka tu, na mdomo ukasema kabla hajaupa ruhusa.

"Kama ni yako, baba, basi lia wewe."

Mheshimiwa Mno alifungua kinywa ili angurume, na kwa kuwa alikuwa mnene, alivuta kwanza pumzi kubwa ya kutosha kungurumia. Pumzi ile ikapitia kwenye mabeseni.

Kidevu kilitetemeka. Medali zikagongana. Chozi la kwanza likateremka kwenye shavu la Mheshimiwa Mno, likafuatwa na jingine, kisha yakafunguka yote. Alitoa kwikwi. Alipapasa mfukoni asipate kitu, akanyakua kile kitambaa chenye nembo kutoka mkononi mwa Bi Sikudhani, akajiziba uso nacho.

"Wananchi!" mtangazaji alipiga kelele, naye machozi yakimtiririka. "Wananchi, siamini ninachokiona! Mheshimiwa Mno analia! Si kwa niaba, ni yeye mwenyewe! Amemkumbatia mama huyu mnyonge... hapana, ameegemea tu... lakini analia! Amemsamehe kijana! Wananchi, Chande amesamehewa!"

Hakuna aliyemwambia aseme hivyo. Ila alikuwa mtu wa kawaida, na kwa akili yake mtu hawezi kumlilia mwenzake namna ile kisha akampeleka kisiwani.

Nje ngoma zikaanza. Watu waliokuwa wakisikiliza redio madukani walimiminika barabarani. Profesa Matinde akapiga magoti pembeni ya kiti.

"Mheshimiwa, tukanushe?"

"Tukanushe nini?" ilijibu sauti ndani ya kitambaa.

"Tuseme hukulia kwa huruma."

"Nililia kwa nini basi? Utaliambia taifa kwamba kiongozi mkuu kapigwa na kitunguu?"

Profesa akafikiri. Alikuwa na shahada nyingi na hakuna hata moja iliyosaidia. Nyimbo za nje zilikuwa zimeshafika ngazi za mahakama.

"Mfungueni huyo mtu," alisema Mheshimiwa Mno kwa uchungu, "na mnionyeshe mlango uko wapi. Sioni."

*

Serikali ilisafisha mambo upesi. Jaji Mpangile alijiandikia onyo kali kwa kulia bila kibali. Askari walionyana wao kwa wao. Magazeti yalitoa picha ya Mheshimiwa Mno na kitambaa, na wasomi wakaandika kwamba hakuna kiongozi duniani aliyefikia kilele hiki, cha kuwa na sifa yake mwenyewe. Kwa kuwa sasa alikuwa nayo mwenyewe, ofisi ya Huruma ya Taifa ilifutwa. Bi Sikudhani alishukuriwa na kuelezwa kwamba, kuanzia saa hiyo, yeye ni raia kama raia wengine, na sheria ya machozi inamhusu.

Alimkuta Chande nyumbani mchana, ameketi mkekani akiutazama ukuta. Sahani ya wali aliyowekewa na jirani ilikuwa haijaguswa.

"Kula, mdogo wangu."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, mifupa yote hiyo nje?"

Chande hakugeuka. "Yule mtu hanijui, dada. Hanijui kwa jina wala kwa sura, na amenililia. Askari waliokuwa wakinipiga wamenililia. Wewe umenibeba mgongoni. Nilikuita mpaka sauti ikakauka."

"Nilikusikia. Kila mara nilikusikia."

"Basi mbona hukulia?"

Bi Sikudhani akaketi karibu naye, akamweleza. Alieleza kwa maneno machache, habari ya chozi, ya kengele na ya gari lililokuwa likisubiri nje. Alieleza pia habari ya wale waliotangulia, aliowalilia vizuri. Chande alisikiliza. Polepole aligeuka kutoka ukutani, akamtazama dada yake usoni, akaona midomo inatetemeka.

"Kwa hiyo kila nilipokwambia ulie..."

"Ndiyo."

"Dada yangu."

Hapo ndipo yalipokuja, ya vikao vyote, ya kanga ya mama, ya kina mama wa mlangoni na watoto wao. Bi Sikudhani alilia kwa sauti, kifua kizima, hana kitambaa wala kibali. Chande alimkumbatia, kisha akakumbuka sheria, akaruka kufunga dirisha. Sauti ikapenya vilevile. Akafunga mlango. Bado ikapenya.

Akawasha redio, akaipandisha mpaka mwisho, akarudi mkekani kulia na dada yake. Redio ilikuwa ikieleza tena jinsi Mheshimiwa Mno alivyolia, na kwa bahati nzuri ilieleza kwa sauti kubwa sana.